Fundi Sifael na Kopo la Vifungo

Ni saa moja na dakika tatu asubuhi hapa Same mjini. Ukisikia kitu kinagonga gonga, usihangaike na redio yako. Ni bati la paa letu, upepo wa Same mnaujua wenyewe.

Wasikilizaji wapendwa, habari za kuamka. Wazee wetu mlioko milimani, na nyinyi wa Makanya, na nyinyi wa Maore, shikamooni. Mimi ni Anderson. Nimekaa mbele ya maiki hii hii mnayoijua.

Leo namkumbuka mtu mmoja. Anaitwa Sifael Mziray. Nalirudia jina, kwa aliyechelewa kuwasha redio: Fundi Sifael Mziray, fundi cherehani. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Alikuwa na presha. Kila asubuhi alitembea, na aliyekuwa akitembea naye ni mimi. Alifariki wiki tatu zilizopita.

Mtanivumilia na sauti yangu. Watu wananiuliza, Anderson, umelia? Sijalia. Nakula, nalala, nasoma matangazo ya vifo vya watu wengine bila kukosea jina hata moja. Nimepigwa ganzi tu. Nasema mapema ili mtu asidhani sina uchungu.

Wengi wenu Fundi Sifael mlimjua bila kujua kwamba mnamjua. Kama mtoto wako amesoma hapa mjini na sketi yake ya shule haikuachia mshono mpaka akamaliza darasa la saba, basi ni mkono wake. Fremu yake ya kushonea ilikuwa karibu na soko, hatua chache kutoka hapa studio. Cherehani moja, ya kukanyaga kwa mguu. Pasi moja ya mkaa. Na kopo moja kubwa la maziwa ya unga, la zamani, lililojaa vifungo. Mlikumbuke kopo hilo.

Alikuwa mtu wa utani. Hakuhitaji futi kukupima, alikutazama tu ukiingia mlangoni. "Anderson, umeongeza inchi mbili kiunoni. Kumbe maneno nayo yananenepesha!" Watu wote barazani wanacheka. Wewe unabaki umeshika suruali yako.

Sasa nianze na mwezi wa tatu mwaka jana. Nesi Leticia, wa kliniki ya presha, alimpelekea gauni lake la kazi alipunguze. Akamwona Fundi anafumba macho kila akiinama kutunga uzi. Akamuuliza, "Fundi, kichwa kinauma?" Fundi akasema kinauma tangu Krismasi. Leticia hakungoja gauni. Alimshika mkono wakaenda wote.

Kipimo kilisoma mia na tisini kwa mia na kumi. Narudia, wasikilizaji. Mia na tisini kwa mia na kumi. Leticia aliniambia alipima mara tatu, mkono wa kulia na wa kushoto, akidhani mashine ni mbovu. Mashine ilikuwa nzima.

Daktari akampa vidonge vya kumeza kila siku. Akaambiwa apunguze chumvi. Na akaambiwa atembee. Nusu saa, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuharakisha kidogo. Hapo Fundi akagoma.

"Nesi," alisema, "mimi mguu wangu unakanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jioni. Kwa miaka hii thelathini ningekuwa nimeshafika Tanga na kurudi, mara ngapi sijui."

Leticia naye ana majibu yake. Akamwambia, "Umefika Tanga, Fundi, lakini umefika ukiwa kwenye kiti kile kile. Inuka."

Nyumbani kulikuwa na vita nyingine, vita ya makande. Mke wake, Mama Irine, jina lake Justa, ni mtu wa Mbaga kama yeye. Nyinyi mnajua makande yetu yanavyopikwa, mahindi na maharage, na magadi ili yalainike haraka. Leticia akasema magadi nayo yana chumvichumvi ile ile tunayoikimbia, yapunguzwe au yaachwe. Mama Irine alinisimulia, "Nilipika bila magadi siku ya kwanza. Baba Irine akaweka mdomoni, akatafuna, akatafuna. Akaniuliza, mke wangu, haya mahindi umeyatoa shambani au umeyaokota barabarani?" Siku ya pili alianza kuyaloweka tangu usiku. Yakaiva. Vita ikaisha.

Basi Fundi akaja hapa studio. Akaniambia, "Anderson, nimeambiwa nitembee. Peke yangu watu watasema fundi amechanganyikiwa, anatembea haendi popote. Twende wote."

Nikamwambia, mbona mimi natembea kila siku? Na ilikuwa kweli. Nilikuwa na mwaka mzima nikitembea alfajiri. Akanitazama juu mpaka chini. "Ndiyo maana wewe uko imara," akasema. "Huna presha, huna nini." Mimi nikacheka. Kicheko hicho nitakirudia mbele.

Tukaanza. Saa kumi na mbili asubuhi, tunashika barabara ya kwenda lango la Zange, la kuingilia hifadhini, tukifika penye mkonge wa mwisho tunageuka, maana mbele ya hapo kuna siku tembo wanavuka. Siku ya kwanza Fundi alivaa viatu vya kanisani. Alirudi ameviweka mkononi.

Tatizo letu kubwa halikuwa miguu, lilikuwa salamu. Sisi huku hatumpiti mtu hivi hivi. Ukikutana na mama anashusha ndizi sokoni, unasimama. Habari za nyumbani, za watoto, za mbuzi, mvua huko juu imenyesha, na yule mgonjwa wenu je? Wiki ya kwanza tulitembea dakika kumi na kusalimia dakika ishirini. Leticia akatuuliza, "Hayo ni mazoezi au ni kampeni?"

Fundi ndiye aliyepata dawa. Akatunga sheria: anayetaka salamu aingie njiani. Ukimsalimia, yeye hasimami, na wewe unageuka unatembea naye kidogo. Mama na beseni lake kichwani, Fundi pembeni, wanaulizana habari za mbuzi huku wanakaza mwendo. Kuna asubuhi tulikuwa watu tisa barabarani, na wawili tu kati yetu ndio wenye presha.

Nimesema wawili. Naam. Nitafika huko.

Leticia alisema mwendo uwe wa kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Fundi, bwana wa kwaya, akataka kuhakikisha. Kila tukifika kwenye kimlima kile cha mwisho anaanza wimbo, ubeti wa kwanza anafika katikati, pumzi inakata. "Haya," anasema, "mwendo ndio huo huo."

Na matokeo yalionekana. Mwezi wa sita, mia na hamsini na kitu. Mwezi wa kumi, mia na thelathini na nne kwa themanini na nne. Narudia: mia na thelathini na nne kwa themanini na nne. Alitembea, alimeza vidonge, alipunguza chumvi. Vyote vitatu kwa pamoja. Leticia alimwambia mbele yangu, "Fundi, hongera. Kutembea kunashusha, dawa inashikilia. Usiachie hata kimoja." Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Fundi naye aliyasikia.

Ikaja sikukuu ya mavuno, mwezi wa kumi na moja. Mnajua desturi yetu sisi wa usharika. Mungu akikutendea jambo, hukai nalo nyumbani. Unapeleka shukrani mbele ya kanisa, kila mtu aione. Fundi Sifael alikuja na mkungu wa ndizi na jogoo mwekundu. Akasimama pale mbele, suti yake mwenyewe aliyojishonea. Nilikuwa benchi la tatu nimeshika kinasa sauti, narekodi kwa ajili ya kipindi.

Akasema, "Bwana asifiwe." Tukaitika. Akasema, "Niliambiwa nina presha ya kuua. Leo nasimama mbele yenu, Mungu ameniponya. Nimetembea tu. Msinishangae mimi, mtazameni ndugu yangu Anderson pale. Anatembea tu, na ni mzima, hajui hata kidonge kinafananaje."

Kanisa zima likanigeukia. Wakapiga makofi.

Nami nikainua mkono, nikawapungia.

Mchungaji, ibada ilipokwisha, alimshika bega akamwambia aendelee kumsikiliza daktari. Nimeona niliseme hili, maana kuna maneno yamepita mitaani kwamba kanisa ndilo lililomwachisha dawa. Si kweli. Hakuna mchungaji aliyesema hivyo. Nje kukawa na mnada wa vitu vya shukrani kama kawaida. Jogoo mwekundu nilimnunua mimi. Tulimla Jumapili hiyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata nikairusha sauti yake hewani. Nyinyi wasikilizaji mlipiga simu mpaka muda ukatuishia. Mnaikumbuka ile sauti. Leo sitairusha.

Kumbe siku ile ya mavuno ndiyo siku aliyoacha dawa. Mama Irine alinieleza baada ya mazishi, tumekaa jikoni kwake. "Nilimuuliza, Baba Irine, na vidonge je? Akaniambia Leticia amesema vikiisha basi. Nikaamini. Mbona alikuwa anatembea? Mbona alikuwa na nguvu?" Na Leticia, alipoona Fundi haji kliniki, alimtumia ujumbe. Fundi akamjibu kwamba siku hizi anachukulia dawa kijijini Mbaga, kwa dada yake. Leticia naye akaamini. Mtu mzima, muungwana, mbona adanganye?

Mimi nadhani najua kwa nini. Foleni ya kliniki ya presha inakaa kwenye benchi nje, mahali kila mtu anayekwenda sokoni anapita. Mtu ambaye kanisa zima limemshukuru Mungu kwa ajili yake, redio imemtangaza, ndizi zake zimeliwa, anakaaje tena kwenye benchi lile na kadi mkononi? Angeonekana amemdanganya Mungu, tena kwa jogoo. Wapare tuna hiyo. Neno likishatoka mbele za watu hatulirudishi, hata likituua.

Likamuua.

Tukaendelea kutembea. Mwezi wa kumi na mbili wote tulitembea. Januari, shule zinafunguliwa, sare zimejaa fremu nzima, na bado kila saa kumi na mbili asubuhi alikuwa mlangoni kwangu. Mtu yeyote asije akasema Fundi Sifael alikufa kwa uvivu. Siku aliyoanguka, asubuhi yake tulitembea. Ilikuwa Jumanne. Kwenye kimlima cha mwisho hakuimba. Akasema kisogo kinamgonga. Nikamwambia, "Ni hizo sare, Fundi, hulali." Nilimwambia hivyo.

Saa tano asubuhi mguu ukasimama juu ya kikanyagio cha cherehani. Mteja aliyekuwepo anasema alidhani uzi umekatika. Mkono wa kulia haukuinuka tena, na maneno hayakutoka. Ilikuwa kiharusi. Hospitalini presha ilisoma mia mbili na kumi na kitu. Akakaa siku tatu. Ijumaa alfajiri akafariki.

Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu hili lina uzito. Kutembea hakukumuua. Kutembea kulimsaidia. Kilichomuua ni kuacha dawa kimya kimya, bila kumwambia aliyempa.

Tulimpeleka nyumbani, Mbaga. Mvua za vuli zilikuwa zimekula barabara kwenye kona mbili. Ikapigwa mbiu ya msaragambo, na kijiji kizima kikatoka na majembe na makarai, kikajaza mawe mpaka gari la mwili likapita. Nami nilibeba mawe. Nilibeba mengi kuliko wengine, na watu wakanisifu kwamba kweli Anderson ana nguvu, anatembea.

Kabla ya hapo, tukiwa bado huku mjini tunauandaa mwili, Mama Irine aliona shati jeupe la Baba Irine limekosa kifungo kimoja. Fundi wa nguo za watu, shati lake mwenyewe halina kifungo. Akaenda kwenye fremu, akafungua lile kopo. Nimesema mlikumbuke. Akaingiza mkono kutafuta kifungo cheupe. Akatoa karatasi za vidonge. Moja, mbili, tatu, hazijafunguliwa, na vidonge vingine vimetawanyika kati ya vifungo. "Nilivimwaga vyote mezani," alinieleza. "Vifungo vyeupe na vidonge vyeupe. Nikakaa nachambua." Hakulia wakati ananieleza. Alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Hata mimi sikulia. Nikamsaidia kuchagua.

Sasa nafika pale niliposema nitafika.

Baada ya kuzika, watu wamekaa na sahani zao za makande, alinijia Irine. Ni binti yao, mwalimu kule Maore. Akapiga goti, "Shikamoo, baba mdogo." Marahaba, mwanangu. Akasema, "Nisamehe kwa swali. Baba alikuwa akikutaja kila siku. Kila nikimpigia simu kumkumbusha dawa, ananijibu, Anderson hatumii, mbona mzima? Baba mdogo, ni kweli wewe hutumii kitu?"

Nilikuwa na kijiko mdomoni. Nikatafuna. Nikameza. Nikamwambia, "Mimi? Mimi natembea tu, mwanangu."

Kaburi la baba yake lilikuwa bado bichi.

Irine, najua unasikiliza. Nilikutumia ujumbe jana nikakuomba usikilize leo. Nakujibu upya, mbele ya watu wote hawa, kwa sababu nami uongo wangu niliusemea mbele za watu.

Mimi, Anderson, nina presha. Nina mwaka wa tatu sasa. Nameza kidonge kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla ya kutoka kutembea. Asubuhi zote zile nilizotembea na baba yako, kidonge kilikuwa tayari tumboni mwangu. Dawa zangu nachukulia Moshi. Kila mwezi nawaaga wenzangu hapa kwamba nakwenda kushughulikia mitambo, kumbe nakwenda kukaa kwenye benchi ambalo hakuna anayeijua sura yangu. Huko nako huwa sisemi sana, wasije wakaijua sauti. Ni mimi niliyewahimiza nyinyi mkapime, miaka yote hii, kwa sauti hii hii. Aibu yangu ndiyo hiyo.

Fundi aliposema kwamba mimi ni mzima, nilicheka. Aliponinyooshea kidole kanisani, niliwapungia watu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Kwenye barabara ya Zange nilikuwa na asubuhi zaidi ya mia mbili za kulisema. Fundi, nami nameza. Basi. Angenitania mpaka jioni, halafu angeendelea kumeza. Namjua. Asingeona haya kama tungekuwa wawili.

Mama Irine, nimekukosea. Irine, nimekukosea. Siwaombi mnijibu leo.

Leo asubuhi saa kumi na moja na nusu sikumeza kidonge changu. Nimekileta hapa. Hiyo mnayosikia ni karatasi yake. Fundi mitambo wetu, Amiri, ameniletea maji, ananitazama kupitia kioo, naye ndiyo kwanza anasikia. Miaka sita tunafanya kazi pamoja.

Kwa familia ya Mziray, kwa Mama Irine, kwa Irine, kwa dada yake Fundi kule Mbaga, kwa kwaya na usharika, na kwa watoto wote mnaovaa sare alizoziacha bila kuzipiga pasi, poleni. Poleni sana. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Na wewe uliyeshika redio yako sasa hivi, jiulize: kopo lako la vifungo liko wapi? Nani anatembea nawe akidhani huumwi? Mwambie leo. Kisha amka kesho utembee, umsalimie kila mtu, usisimame.

Jumatatu mimi sitakwenda Moshi. Nitakuwa kwa Leticia, benchi la nje, upande wa sokoni, na kadi mkononi. Atakayepita anisalimie.

Haya. Saa moja na dakika ishirini na nne. Nakunywa maji.

Nimemeza.